Kapsuli za Sanduku la Mifukoni

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge saa mbili asubuhi, kama kawaida. Mwezi wa kumi na nne sasa tangu Dada anipe figo yake moja. Imetulia. Naiita Mpangaji — halipi kodi, lakini kazi anafanya. Dada alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika kovu.

Kazini shuka mia mbili na kumi, foronya sikuhesabu. Hoteli imejaa watu wa semina. Miguu inawasha! Kutwa nzima ndani ya gambuti, soksi mbichi, na katikati ya vidole pameanza kupasuka. Fangasi. Chumba cha kufulia wote tunazo, ni kama sehemu ya sare.

Pasi alinikuta najikuna. Pasi ni mwenzangu wa meza ya kupigia pasi, jina lake halisi sina hakika hata yeye analikumbuka. Akasema nateseka bure, dawa ipo sandukuni.

Jumanne, 4 Machi

Niandike habari ya sanduku, nisije nikajisoma siku moja nikajiona chizi. Kitu chochote kinachokutwa kwenye mifuko ya nguo za wageni kinapelekwa mapokezi. Kisipoulizwa siku thelathini, kinarudi kwetu, kwenye sanduku la bati juu ya rafu ya sabuni. Vitana, kalamu, miwani. Na dawa — dawa nyingi ajabu! Mwenye kichwa, mwenye tumbo, mwenye jino, wote wanachovya mkono humo. Pasi ndiye mganga mkuu kwa sababu anasoma maandishi madogo bila miwani.

Amenipa karatasi ya kapsuli za fangasi, zimo nane. Moja kila baada ya siku mbili, anasema, yeye zilimponya mwaka jana.

Muuguzi wa kliniki ana sentensi moja tu duniani: usimeze kitu bila kunipigia. Sasa nimpigie mtu mzima kwa ajili ya vidole vya miguu? Nimeona haya. Nimemeza ya kwanza na chai.

Jumatatu, 10 Machi

Kapsuli ya nne. Vidole vinakauka! Pasi anatamba chumba kizima, anataka tumwite Profesa.

Dada alipita asubuhi na juisi, kama siku zote. Anakaa mlango wa tatu. Hanisalimii mimi kwanza, anaanza na Mpangaji.

Jumatano, 12 Machi

Ya tano. Mikono inatetemeka. Nilishindwa kukunja foronya, kona hazikutani. Pasi akadhani natania. Kichwa kinagonga tangu jana. Labda mvuke.

Ijumaa, 14 Machi

Ya sita alfajiri. Kliniki, pamoja na Dada. Wamechukua damu kabla ya vidonge vya saa mbili, ndivyo wanavyotaka. Majibu mchana.

Kiwango cha dawa ya kushusha kinga, vile vidonge vya saa mbili, kimepanda kwenye damu karibu mara tatu. Dawa hiyo ndiyo inayozuia mwili usimfukuze Mpangaji. Ikipungua, mwili unamvamia. Ikizidi, dawa yenyewe inamtia sumu. Njia katikati ni nyembamba. Daktari alinieleza polepole, na kalamu mkononi. Akauliza: kuna dawa nyingine? Ya kikohozi, ya meno, ya mitishamba?

Nikasema hakuna.

Neno limetoka lenyewe. Nilikuwa nafikiria gambuti, na kwamba angetaka nivue soksi mbele ya Dada. Ujinga mtupu.

Ndipo Dada akauliza kama juisi ni tatizo. Juisi ya nini? Machungwa. Na wiki hii aliongeza mabalungi, mara mbili, maana yalikuwa mazuri sokoni. Daktari akaweka kalamu chini. Balungi ni mwiko na dawa hii, linaipandisha. Dozi yangu imekatwa nusu. Nirudi kupimwa tarehe ishirini na nne.

Njiani Dada aliniambia mara moja tu: nilikupa figo kwa mkono huu, halafu nikakuwekea sumu kwa mkono huohuo.

Nilimwambia asiseme hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Dada ametupa kikamulio. Si balungi — kikamulio chenyewe! Amekuja na daftari ananiuliza kila kilichopita jikoni kwangu tangu mwezi uanze. Anaandika kwa wino mwekundu. Nikamjibu vizuri, chai, mkate, maharage. Kapsuli sikuzitaja. Sikuwa nimezifikiria hata, nadhani. Au nilizifikiria.

Jumapili, 16 Machi

Ilikuwa siku ya kapsuli ya saba. Nilikuwa nimeishika bado imo kwenye kishimo chake, huku natafuta risiti kwenye bahasha ya kliniki, na ikaanguka ile karatasi waliyonipa siku ya kutoka hospitali. "Usichanganye na hizi." Sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Mstari wa tatu: dawa za fangasi za kumeza. Na jina lenyewe, herufi kwa herufi, sawa na lililo mgongoni mwa karatasi ya Pasi.



Basi si balungi. Au ni balungi kidogo na mimi sana. Nimeacha kapsuli leo hii. Zimebaki mbili. Mambo yatajiseti yenyewe, hakuna haja ya kumwamsha mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Mikono imetulia. Foronya zinakunjika. Dada hapiti tena asubuhi. Nilimpigia, akasema yuko bize. Hajawahi kuwa bize na mimi.

Nilijikaza kisabuni nimwambie. Nikamuuliza hali ya hewa kwake. Mlango wa tatu!

Jumatatu, 24 Machi

Damu imechukuliwa. Nimevimba kidogo miguuni. Nimesema ni kusimama.

Jumanne, 25 Machi

Muuguzi amepiga simu saa nne, nikiwa na taulo mikononi. Kiwango sasa kiko chini sana, chini ya mstari. Na kipimo cha figo kimepanda, maana yake inazidiwa. Niende kesho na nguo za kulala.

Sasa naliona jambo lote, limenyooka kama shuka lililotoka kwa Pasi. Daktari alikata dozi kwa sababu ya kapsuli asizozijua. Mimi nikaziacha kimyakimya. Kilichokuwa kinapandisha kimeondoka, nusu dozi imebaki peke yake, na mwili umepata mwanya. Kapsuli zilimtikisa Mpangaji. Kimya changu ndicho kilichomfungulia mlango.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Pasi nimemwambia. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Kisha akalishusha sanduku, akamimina dawa zote kwenye mfuko wa taka, akaufunga mafundo mawili. Hakuniuliza kama nitamtaja.

Jumatano, 26 Machi

Kliniki, benchi la pili. Dada ameombwa aingie kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mtoaji. Mlango haufungiki vizuri, nasikia. Daktari anasema balungi halielezi kushuka huku. Anataka kuchukua kipande cha figo kwa sindano, halafu anipe dawa kali, na lazima ajue kwanza nilichotumia, chote, maana akikosea safari hii hakuna pa kurudi. Dada anasoma lile daftari lake. Chai. Mkate. Maharage. Anasoma kila siku na tarehe yake. Anasema kama kuna kosa ni lake, amekosea kuandika mahali, ampe dakika akumbuke.

Ananitetea kwa orodha niliyompa mimi.

Karatasi ya kapsuli nimeiweka hapa, katikati ya kurasa hizi. Vishimo sita vitupu, viwili vimejaa. Nilikusudia nimpe daktari mkononi, Dada akiwa nje.

Ametoka. Macho mekundu. Amenishika bega, ameniuliza kama Mpangaji amelala vizuri. Muuguzi anaita: nipande kwenye mizani, niweke vitu vyote chini, simu, funguo, daftari hili.

Dada amenyoosha mkono. Lete nikushikie, mdogo wangu, anasema. Kalamu bado iko mkononi, karatasi ya kapsuli bado imo humu ndani, na mkono wake umeshalishika daftari—