Mkwaruzo Kwenye Mkanda

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimechoka. Tangu asubuhi napiga besi ileile, wimbo uleule wa kwaya, na kila fundi wetu Yustus akirudisha mkanda tunasikia mkwaruzo: zzz. Hapa upo, pale haupo. Mashine yenyewe ni ya enzi za misheni, rili mbili kubwa kama sahani za msibani. Lakini Yustus hataki habari ya kurekodi kwa simu. Eti simu inaifanya besi iongee puani. Mkwaruzo anasema ni umeme, unapanda na kushuka.

Jumatano, 9 Julai

Yustus amesafisha hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa spiriti. Zzz. Amechomeka chuma uani na kukifunga waya, umeme unaozidi ushuke ardhini, ila kiangazi hiki ardhi imekauka mno. Melkiory, mume wangu, akamwagia ndoo mbili za maji. Zzz.

Alhamisi, 10 Julai

Wamekwenda Murongo kutafuta waya mwingine. Nimebaki na gitaa. Nyuzi zenyewe, bila kushika — safi. Nikakandamiza kwa kidole cha pete: zzz. Mara tatu. Kidole cha kati: safi.

Ni kidole changu. Tangu tuanze kuchuma kahawa hakikunjiki. Hakibani uzi, uzi unachezacheza. Kanisani ngoma zilinifichia. Mkanda haufichi.

Waliporudi sikusema. Mwalimu wa kwaya ana kinanda kipya chenye besi ndani yake, anangoja sababu tu ya kuniondoa. Miaka kumi na tisa napigia kwaya! Kila kitu hapa nyumbani ni cha ukoo wa Melkiory. Besi ni yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Waya mpya, zzz ileile. Yustus ameona penye unyevu: chini kwenye kibanja, shamba letu la migomba, palipotandazwa nyasi, pale tulipomzika baba mkwe. Mama Kokugonza, mkwe wangu, akakataa. Mzee apigiliwe chuma ubavuni kwa ajili ya gitaa? Nilimshukuru kimoyomoyo. Yustus angekunja nyaya zake, lawama ibaki kwa umeme.

Jumamosi, 12 Julai

Mama ameniita jikoni. Akanishika mkono, huuhuu wa kushoto.

"Joyness, mzee alikuwa anaenda kanisani kusikiliza hiyo besi yako. Mahubiri alikuwa analala. Nimeshamwomba ruhusa. Waache wakichimbie tu hicho chuma."

Nilifungua mdomo. Nikasema, asante mama.

Sasa wako huko chini. Melkiory kashika chuma, mama mwenyewe kabeba ndoo, na maji siku hizi tunayafuata mbali. Yustus kasema akipiga mluzi nianze. Gitaa liko mapajani. Kidole nimekiloweka kwenye maji ya moto, hakitaki. Naona aibu.

Nyundo ya kwanza hiyo. Kutoka hapa hadi kaburini ni hatua sitini, nilizihesabu siku ya mazishi. Nikiita kwa sauti watasikia.

Nyundo ya pili. Bado nimekaa.