Rangi ya Baraza kwa Ngamia wa Damu

Jumatano, baada ya magharibi.

Mikono inanuka mafuta ya taa na sijui kama kesho jioni nitakuwa bado karani. Upepo umepuliza vumbi tangu alfajiri, joto halikupungua hata jua lilipotua, na kichwa kinanigonga. Naandika haraka, kabla sijaanza kujipamba katika haya yaliyotokea.

Hii ni wiki ya pili tangu baraza letu la mji litoe amri mpya. Zamani mnyama alilipiwa ushuru akiuzwa, basi. Sasa kila mnyama anayepita lango la soko analipiwa, auzwe asiuzwe. Akishalipiwa, askari humpaka rangi nyekundu pajani ili asidaiwe mara mbili. Mweka hazina alituita makarani wote akatuambia waziwazi kwamba kasha ni tupu. Ng'ombe wanakufa kwa ukame, wanunuzi kutoka Garissa hawaji tena, na mishahara yetu ya miezi mitano itatoka pale langoni au haitatoka kabisa.

Sikubisha. Mwenye duka anayenidai ameacha kunisalimia, na mimi nimeanza kupita njia ya nyuma ya msikiti ili nisimwone. Mtu wa namna hiyo habishi amri inayomletea mshahara.

Taabu ni kwamba maji yamo ndani ya soko. Malambo yamekauka kutoka hapa hadi upande wa Dadaab, na birika pekee la kunyweshea mifugo ni la baraza, hatua chache kutoka meza yangu. Kwa hiyo anayekuja kwa kiu na anayekuja kuuza wote wanapita mbele yangu, na kitabu changu cha risiti hakiwatofautishi.

Asubuhi alikuja Mzee Gedi na ngamia kumi na wawili, yeye na wapwa zake wawili. Namfahamu miaka mingi, mvua zikinyesha huniletea maziwa na hakatai nikimtania kwamba ameyatia maji. Leo hakutania.

"Hii si ya kuuza, binti yangu," alisema. "Hii ni mag. Wakunywe maji tu, halafu tunabita."

Sikuhitaji kuelezwa. Mimi ni mtu wa Tana, nimezaliwa kando ya mto, lakini miaka kumi hapa imenifundisha. Vijana waligombea zamu ya maji kisimani, mmoja wa wapwa wa mzee akampiga kijana wa upande wa pili rungu la kichwa, na yule kijana akafa. Wazee wa pande mbili wakakaa siku nyingi mpaka wakapatana malipo ya damu, ndiyo mag. Ngamia hawa ndio sehemu ya kwanza, na walitakiwa kukabidhiwa leo kabla ya magharibi, ng'ambo ya barabara. Wasipopokelewa, mapatano yamevunjika, na hao vijana wa upande wa marehemu hawataki hata sasa hivi kupatana.

Ningewaachia wapite. Lakini mweka hazina alikuwa dirishani mwa ofisi, na miwani yake ilielekea kwangu. Mzee hakuwa na senti. Ngamia walikuwa wametembea siku nne, walikuwa wamenusa maji na wanavuta kamba, na nyuma yao foleni ya mbuzi na wenyewe ilikuwa imeanza kunitukana kwa lugha mbili.

Nililipa mimi.

Zilikuwa pesa za unga. Natamani niandike hapa kwamba nilimhurumia mzee, na huruma ilikuwepo kidogo, lakini zaidi nilitaka foleni isogee na mweka hazina aone naandika. Huo ndio ukweli na haunipendezi.

Kisha Dubow, askari wetu wa lango, akaja na kopo lake la rangi. Nilimwona akichovya brashi. Nilijua alama ile ina maana gani kwa watu hawa. Mag hutoka zizini, kila jamaa akitoa ngamia wake kwa mkono wake. Ngamia aliyepita sokoni ni ngamia aliyekosa mnunuzi akarudishwa, na kumlipia marehemu kwa mnyama kama huyo ni kuwaambia nduguze kwamba mtu wao alikuwa makombo. Neno moja kwa Dubow lingetosha. Sikulisema, kwa sababu risiti bila rangi ingeniletea maswali.

Mzee Gedi alikuwa ametupa mgongo, anawaamua ngamia wawili waliokuwa wakisukumana birikani. Alipogeuka, wote kumi na wawili walikuwa wamepakwa. Akatazama mapaja yao, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Nikaacha meza, nikachukua mafuta ya taa ya ofisi na matambara, nikaanza kusugua. Rangi haikutoka, ilisambaa. Paja lililokuwa na mstari mmoja mwekundu likawa la waridi lote. Ngamia mmoja alilipiga teke debe, nusu ya mafuta ikamwagika. Mpwa mmoja akajaribu kukwangua manyoya kwa kisu, na mnyama wake akaonekana ana upele. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri, na ndipo mzee akasema inatosha, muda umekwisha. Nikafunga mkoba wangu na kuwafuata. Hakuniita, wala hakunifukuza.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Abdullahi, kaka mkubwa wa marehemu, aliwazunguka wale ngamia mara moja tu.

"Mlibeleka sokoni," alisema. "Mlikosa bei, ndio mkatuletea sisi."

Mzee Gedi akaapa kwa Mungu kwamba hakumtajia mtu bei. Nyuma ya Abdullahi vijana walianza kusimama, mmoja, halafu wawili, halafu wote. Hakuna aliyepaza sauti.

Sikuwa na haki ya kusema pale. Mwanamke, mgeni, na mtu wa baraza juu yake. Nilisema kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu hukimbia nikiogopa. Nikasema ngamia waliingia kunywa maji tu. Nikasema ushuru nilitoa mimi mfukoni mwangu, na rangi niliiona ikipakwa nikanyamaza.

"Kwa nini ulilibia mtu si jamaa yako?" akauliza Mzee Abdullahi.

"Niliogopa mkubwa wangu, adeer," nikasema, nikimwita ami kwa lugha yake.

Mtu alicheka huko nyuma, kicheko kibaya. Mzee Abdullahi hakucheka. "Maneno yako itabebwa na ubebo," akasema. "Kansol, hii baraza yenu, iliweka alama. Kansol iandike."

Basi nikaandika. Nilichukua karatasi yenye jina la baraza, nikaiweka juu ya goti, nikaandika kwamba ngamia hawa hawakuletwa kuuzwa, hawakuuzwa, na hawakustahili kutozwa ushuru. Nikatia sahihi. Muhuri ulikuwa mkobani, nikaugonga. Mwalimu wa shule aliyekuwa hapo aliwasomea mara mbili, kisha akawatafsiria. Mzee Abdullahi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti.

Halafu akashika kamba ya ngamia wa mbele.

Vijana wakakaa. Mzee Gedi alifunika uso kwa kilemba chake na mabega yakawa yanatikisika. Nami nililia, sioni haya kusema.

Sasa nahesabu nilichofanya. Hawakustahili kutozwa ushuru, chini ya muhuri wa baraza, kwa mwandiko wangu. Sijamaliza hata sunna za magharibi, watu watatu walikuwa mlangoni. Nao wana mbuzi waliokunywa maji tu, nao wanataka karatasi zao na pesa zao. Niliwaambia waje ofisini asubuhi.

Dubow alikuja baada yao. Nilidhani atanigombeza. Alikaa kizingitini, akauliza kama ni kweli niliandika, nikasema ni kweli.

"Fizuri, damu haikumwagika," alisema. "Lakini sisi tutalibwa na nini, abaayo, dada yangu?"

Ana watoto wanne na deni dukani kubwa kuliko langu. Akajifuta vumbi la kizingiti, akaondoka.

Mweka hazina atakuwa ameshasikia, mji huu haufichi kitu. Akiniita na kuniuliza mwandiko wa ile karatasi ni wa nani, nitasema ni wangu, na kwamba nilichoandika ni kweli. Nimejizoeza kulisema mara tatu hapa chumbani, na mara zote tatu sauti imetetemeka.