Mkanda wa Watasema

Gehandu,
Wilaya ya Hanang,
Manyara.
21 Julai 2024

Mpendwa shemeji Scolastica,

Shikamoo uliyonitumia kwenye simu niliisoma. Marahaba, mdogo wangu. Je, hamjambo wote hapo Dar es Salaam? Felician anaendeleaje na kazi yake? Na mtoto Irene ameshaanza kujigeuza mwenyewe? Mshono wako umepona vizuri? Nakuuliza hali kwa moyo wote kwa sababu tangu msiba nadhani hakuna aliyekuuliza. Sisi huku tulipewa pole na watu wengi, na wewe ulikuwa wodini na kichanga, ukimlilia dada yako peke yako.

Sisi tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, mlima hauonekani mpaka saa nne au saa tano. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mbaazi bado ziko shambani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Dada yako Gaudensia angefurahi sana. Alikuwa akimwambia kila asubuhi wakati wa kukamua kwamba safari hii azae jike, kama vile ni jambo la kuelewana wao wawili.

Najua umenipigia simu mara nyingi na sikupokea. Usifikiri nina kinyongo kwa kuwa hukuja kuzika. Sababu yake nitaiandika mbele, maana nikianza nayo sitafika kwenye jambo lenyewe. Nakuandikia kwa ajili ya yule mbwa wa dada yako, na mkanda wa umeme mliomtumia. Nimefanya kosa, shemeji, na sijui kama linarekebishika.

Watasema unamkumbuka. Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa tayari mkubwa, mwenye sikio moja lililokunjika. Lakini sijui kama dada yako aliwahi kukusimulia jinsi alivyompata. Alimkuta mnadani Katesh, katoto kachafu kanatetemeka chini ya gari la vitunguu. Akakafunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akapanda nako njia yote mpaka nyumbani. Akina mama waliokuwa wakiteka maji walimcheka. Mama Rogathe akamuuliza kama huyo naye atabatizwa. Gaudensia akajibu kwamba jina anaweza kumpa papo hapo bila padri, anaitwa Watasema. Basi likawa jina.

Jioni alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko, akiita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Watasema! Njoo tuwasikie!" Mbwa anakuja mbio kula ukoko wa ugali, na Mama Rogathe huko kwake anajibu kwamba leo hajasema kitu. Kila jioni hivyo, miaka sita. Sikujua kama nilikuwa nikisikiliza.

Baada ya mazishi mbwa aliacha kulala nyumbani. Kaburi liko nyuma ya nyumba, pale mbaazi zinapoanzia, kama ulivyoona kwenye picha. Akawa analala juu yake. Hilo halikumsumbua mtu. Lakini mvua za Aprili zilipolainisha udongo akaanza kuchimba. Nilikuwa nikifukia asubuhi, nikirudi kutoka shambani nakuta ameshachimba tena, msalaba wa mti umelala.

Watu walianza kusema kwelikweli. Wengine walisema mbwa anayechimba kaburi anaita mwingine. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Yohanes, alikuja kwa upole, akanywa chai, akazungumza habari za mbolea, halafu akasema vijana wanataka kumtegea sumu na yeye hawezi kuwazuia kwa muda mrefu. Nilimfunga kamba. Alilia siku tatu, ya nne akaitafuna kamba akarudi kaburini.

Hapo ndipo binti yetu Eva alipowaelezeni, na Felician akatuma ule mkanda kwa basi. Kwa kuwa anafundisha mbwa wa ulinzi, niliona tumepata msaada wa mtu anayejua. Na aliandika maelekezo vizuri kabisa kwa mkono wake. Mkanda uvaliwe saa chache tu kisha uvuliwe. Nianze na kitufe cha mlio kwenye rimoti, na mbwa akisikia mlio nimwite nimpe chakula, hivyo kwa wiki mbili. Kitufe chekundu cha umeme nisikiguse kabla ya kuzungumza naye kwa simu. Mwambie karatasi yake ninayo, na sina la kumlaumu.

Kosa ni langu. Nilisoma wiki mbili, nikafikiri habari za ile sumu, nikaona wiki mbili ni nyingi. Na kuzungumza kwa simu sikuweza, kwa sababu simu ya Felician hapokei yeye mchana, unapokea wewe.

Nilijaribu kwanza kwenye mkono wangu. Lile boksi dogo la mkanda lina meno mawili ya chuma yanayogusa ngozi. Kwenye namba tatu ilikuwa kama siafu. Sikupanda zaidi. Nikamfunga Watasema, akakubali bila shida, akanilamba kidole. Yohanes alipomwona akasema sasa mbwa wa Agustino ana simu kumzidi mwenyekiti. Tulicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Machi.

Alasiri ile nilisimama jikoni, kwenye lile dirisha dogo ambapo dada yako alikuwa akimwaga nje maji ya mboga. Mbwa akaenda kaburini, akalala, halafu akaanza kuchimba. Nikabonyeza mlio.

Shemeji, aliposikia ule mlio aliacha kuchimba akainamisha sikio lake zima udongoni. Alifikiri sauti inatoka chini. Mkia ukaanza kucheza. Akachimba kwa furaha, udongo ukiruka nyuma yake, kama mtu aliyeitikiwa.

Mimi niliona tu kwamba anachimba zaidi. Nikaweka namba tatu nikabonyeza chekundu, hakushtuka, manyoya yake ni mazito. Nikapeleka sita.

Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mbwa. Aliruka, akaanguka, akasimama. Nilitegemea aangalie huku na huku kutafuta aliyempiga. Hakutafuta. Aliliangalia kaburi. Halafu akarudi nyuma tumbo likiburuzika chini, masikio yamelala, hivyo hivyo alivyokuwa akimfanyia Gaudensia akikutwa ameiba maziwa. Alikuwa akimwomba msamaha dada yako.

Niliona na sikuelewa. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa yake. Siku ya nne hakwenda tena. Watu wakanipongeza. Mwenyekiti alisema Mungu awabariki ndugu zangu wa Dar es Salaam. Nikawa namwachia mkanda shingoni mchana na usiku, nikifikiri ndiyo usalama wake.

Nilielewa siku nilipotoa nguo za marehemu kuzianika juani, zisiingiwe na nondo. Nilitundika ile kanga yake ya rangi ya kahawia, ile aliyombebea kutoka mnadani. Upepo ukaipeperusha. Watasema alikuwa amelala uani. Akainuka, akainusa kwa mbali, akafyata mkia, akaingia chini ya ghala. Hakutoka mpaka nilipoianua.

Hapo nilikaa chini, shemeji. Mbwa yule alikuwa na mtu mmoja duniani. Nilichofanya ni kumfundisha kwamba mtu huyo amegeuka, kwamba yuko mle chini na anamfukuza. Na marehemu hana namna ya kumwambia si yeye.

Niliuvua mkanda saa ile ile. Yale meno mawili yalikuwa yamemtoboa vidonda viwili shingoni, nilikuwa sijaviona kwa manyoya. Nimemwosha kwa maji ya chumvi na kumpulizia ile dawa ya bluu ya vidonda vya ng'ombe. Shingo inapona. Ananifuata kila mahali, hana chuki na mimi, na hilo ndilo linaloniumiza. Laiti angeniuma.

Lakini nikienda kumwagilia maua kaburini anaishia kwenye ule mstari wa mawe wa mpaka wa uani. Anakaa hapo anaguna. Nimejaribu na ukoko, nimejaribu na mfupa. Nimegonga sufuria kwa mwiko. Nilijaribu na kuita kama alivyoita, sauti yangu ikakatika, na Mama Rogathe ambaye alikuwa akichuma mboga akaingia ndani akafunga mlango. Ni mtu mzuri. Hakutaka nijue kwamba amesikia.

Sasa nakuja kwenye sababu ya simu.

Jumapili iliyopita Eva alikuja kutoka Dongobesh, akakupigia baada ya misa, akaweka sauti ya nje. Mimi nilikuwa nje nikipasua kuni. Wewe ulikuwa unamwambia habari za mtoto, ukacheka. Mnacheka sawa, Scolastica. Mnaita sawa, mnakohoa sawa, hata ile "eheee" ya kuitikia ni ile ile. Tangu msiba nimepokea simu yako mara moja tu, na uliposema "shemeji" niliiweka simu mezani nikatoka. Ndiyo sababu. Sina nyingine. Naomba unisamehe.

Lakini siku ile sikuwa peke yangu niliyesikia. Watasema alitoka chini ya ghala. Akaenda mlangoni, akaisikiliza simu. Akazunguka nyumba nzima akitafuta. Halafu akaenda nyuma mpaka kwenye yale mawe, akasimama akiangalia kaburini, na mkia wake ulisogea, mara mbili. Nikamwambia Eva kwa mkono asikate. Lakini Irene alilia, nawe ukaaga.

Tutaweka msalaba wa chuma tarehe thelathini na moja Agosti, misa saa nne. Nakuomba uje. Najua mtoto ni mdogo na safari ni ndefu, na kama daktari bado anakukataza nitaelewa. Usinunue chochote. Nataka usimame pale kichwani pa dada yako, uite kwa sauti ile: "Watasema, njoo tuwasikie." Akija, atajua hajafukuzwa. Asipokuja, tutakuwa tumemwambia ukweli kwa sauti anayoiamini, na mimi nitaacha kumsumbua.

Mimi nitakaa kwenye mawe pamoja naye wakati unaita. Sitaki nikudanganye kwamba ni kwa ajili ya mbwa tu.

Mkanda na rimoti yake nimevirudisha ndani ya kifurushi hiki, safi, pamoja na chaja. Mwambie Felician chombo hakina ubovu. Labda anapowafundisha vijana wa kampuni awaambie jambo moja tu kutoka huku: waangalie mbwa anamwangalia nani wakati wa kuumia.

Eva na mume wake wanakusalimu. Mama Rogathe anakusalimu, anasema bado hajasema kitu. Mzee Yohanes anakusalimu. Msalimie sana Felician, na umbusu Irene kwa niaba ya mama yake mkubwa ambaye hakuwahi kumwona.

Mwenyezi Mungu aliyemchukua mmoja wetu awashike ninyi mliobaki, awape usingizi mzuri na njia salama ya kuja kwetu.

Wako akupendaye,
shemeji yako
Agustino Akonaay

N.B. Chini ya kifurushi nimeweka ile kanga ya kahawia. Uivae siku hiyo. Haijafuliwa tangu Machi, naomba usiifue.