Maziwa Yenye Mulinikataza

Beni, tarehe 9 ya mwezi wa nane, 2001

Kwa dada yangu mukubwa, yaya Julie, kule Masereka,

Yaya, ninakusalimia katika jina la Bwana wetu Yesu. Barua hii ikukute muzima, wewe na batoto bote, pamoja na shemeji Gérard. Kikohozi chako cha wakati wa baridi kimeisha? Batoto banaendelea na masomo? Tumesikia huku kwamba mvua imenyesha sana huko milimani, na viazi vya kizungu vimeoza mashambani mwa batu bengi. Natumaini shamba lako limepona. Tumesikia tena kwamba basoda bamepita Masereka, na mara hii balichukua mbuzi tu bakaenda zao. Mungu asifiwe, kama mutu anaweza kumusifu Mungu juu ya mbuzi.

Kwa upande wangu niko nazidi kupata nguvu. Binti yangu Gracieuse yuko muzima, amekuwa murefu kunipita. Utashangaa kuona ninakuandikia toka Beni na si toka Butembo. Juu ya ile njo nimeshika kalamu. Ninakuomba usome wewe mwenyewe, peke yako, mbele ya kumupa shemeji. Barua nimeiweka mukononi mwa Lukman, mudogo wa jirani yangu Hadidja, mwenye anapandaka kwenu na camion kuchukua viazi.

Unakumbuka namna nilianza kuwa na kiu mwaka jana. Nilikuwa nakunywa maji kama mutu alitembea jangwani, na kila saa niko inje kukojoa. Bwana yangu Éliakim akanileta hapa Beni kwa docteur mumoja wa Kinshasa, mwenye vita ilimufungia huku. Docteur huyo hajui Swahili, hajui Kinande, ni français na Lingala tu. Mimi français yangu iliishia kwa bonjour na merci, unajua Baba aliniondoa masomoni mapema. Bwana yangu alimaliza humanités, masomo ya sekondari, donc alikaa katikati yetu na kunielezea. Docteur alisema maneno mingi. Alinyoosha kidole kwa mudomo wake, akaweka mukono juu ya meza kuonyesha urefu wa glasi, kisha akatingisha kichwa. Éliakim akaniambia ni maladi ya sukari. Sukari ndani ya chai, hapana. Mandazi, hapana. Kasiksi, pombe ya ndizi, hapana. Bugali, kidogo tu. Na maziwa, akasema, docteur amekataza kabisa, juu maziwa iko na sukari ndani yake yenye haionekane. Nikiendelea kukunywa, macho itakufa, kisha miguu. Nilimutazama docteur, naye alikuwa anakubali na kichwa, anacheka kidogo, kama mutu mwema mwenye anaona mugonjwa wake amesikia.

Wewe unajua maziwa ni nini kwangu. Wakati Baba aliona ng'ombe za milima yetu zinaisha mukononi mwa batu ba bunduki, alinipa ile moja ya rangi ya kahawa yenye tumbo nyeupe. Aliisema mbele yako, kwamba ni ya Jokébed, asikose maziwa. Akaituma Butembo kwa miguu. Nyuma yake Baba akafariki, na katika juma lile la kilio, zingine zote zikaenda na basoda. Ng'ombe yangu njo ilibaki ya kundi lote la Baba. Nilikuwa naikamua mimi mwenyewe kila asubui, na kikombe changu nilikuwa nakikunywa ingali moto.

Kisha kutoka kwa docteur, nikaendelea kukamua bila kuonja. Gracieuse alikuwa anakunywa, mimi nikakaa na harufu. Na nilikuwa na njaa, yaya. Bugali nimepunguza, nyama tutatoa wapi na vita hii, maharagi bila mafuta, sombe bila mafuta. Mama mumoja wa kanisa aliniambia kwamba mama yake alikuwa na sukari na alikunywa maziwa mpaka uzee. Roho yangu ikagawanyika. Donc, wakati ulikuja Butembo kwa mukutano ya bamama, nilikuuliza jikoni. Nilisema, yaya, niache maziwa kabisa ao nipunguze tu? Ulikuwa unachagua maharagi ndani ya lungo, na haukuinua macho. Ulinijibu kwamba nifuate docteur, maziwa ni ya batoto, mutu mukubwa mwenye anatafuta maziwa anatafuta kaburi. Ukaongeza kwamba ng'ombe yenye mwenyewe hakunywi inaita basoda tu nyumbani, afazali Éliakim aipeleke pahali pa usalama. Nilikushukuru. Siku ile nililala nikisema kwa moyo, mimi niko na yaya mwenye ananichunga.

Éliakim akaipeleka Beni, kwa rafiki yake mufugaji, jina lake Kakule, juu huko basoda bakubwa banalinda quartier. Gracieuse alilia. Mimi nilimukaripia, nikamuuliza kama anataka mama yake apofuke.

Tangu pale nilikonda zaidi. Kikwembe kilikuwa kinanizunguka mara nyingi kama bandeji. Siku moja nilianguka sokoni, mbele ya meza yangu ya chumvi. Hadidja, mwenye anauzisha vikwembe kando yangu, alifunga meza yake akanibeba na batu. Alipomuambia Éliakim kwamba nirudi kwa docteur, Éliakim alisema barrières za basoda ni nyingi njiani, na tena docteur amerudia Kinshasa. Hadidja hakubishana naye. Alimuuliza tu Lukman, mwenye anapitaka Beni kila juma, na Lukman akasema docteur yuko, amemuona kwa macho. Éliakim alipoenda Kasindi kutafuta bidhaa, tulipanda camion ya Lukman kuja Beni.

Hadidja alikulia Kisangani, anasema Lingala kama basoda. Docteur alinikumbuka. Aliuliza mambo mingi, kisha nikasikia neno "miliki". Ile niliijua, ni maziwa kwa Lingala. Nilitingisha kichwa kwa furaha, kama mutoto mwenye amesoma leçon yake vizuri, kusema hapana, sikunywi hata tone. Docteur akaweka bic yake ya kuandika chini.

Hadidja akanigeukia: "Mama Gracieuse, anauliza ni nani alikukataza."

"Ni yeye," nikasema.

Docteur akasema polepole, na Hadidja ananitafsiria: "Nilisema glasi moja asubui na moja mangaribi. Mutoe mafuta ya juu, musitie sukari. Na chakula ya vita hii, maziwa njo nyama yako. Niliirudilia kwa bwana yako mbele tuagane, naye aliniambia, muko na ng'ombe nyumbani. Nilifurahi."

Yaya, mpaka mulangoni nilikuwa ningali namutetea Éliakim. Nilimuambia Hadidja kwamba français ya bwana yangu imezeeka, na docteur anasema mbio. Nikamuomba Lukman anipeleke Mulekera, quartier yenye Éliakim alinitajia, kwa Kakule, nimuambie mambo imeisha, ninachukua ng'ombe yangu. Kule tuliuliza banamoto, batu ba pikipiki, kwa barabara. Kakule mufugaji, hapana, hakuna mwenye alimujua. Mais ng'ombe ya rangi ya kahawa yenye tumbo nyeupe, bote baliijua. Ni ya Mama Tamar, balisema.

Niliingia ndani ya uwanja wa parcelle yake. Ng'ombe ilikuwa imefungwa kwa muavoka, muti wa parachichi, na mwanamuke ameinama chini yake anakamua. Kando yake mutoto mwanaume amekaa kwa majani na kikombe mukononi. Nywele zake zilikuwa zingali na ile rangi nyekundu ya bwaki, maladi ya kukosa chakula, mais mashavu yalianza kurudi. Paji la uso lilikuwa la Éliakim. Niliona, na roho yangu ilikuwa ingali inatafuta njia ingine ya kuelewa. Kisha nikaona kikwembe chenye mutoto alifungwa nacho. Bleu, na ndege za manjano. Kikwembe cha kilio cha Baba, chenye tulikata sisi batoto bake banamuke babili tu. Changu kiko ndani ya malle, sanduku yangu, Butembo.

Mwanamuke akasimama. Alikuwa Tamar kweli, dada ya bwana yako, mwenye alibeba maua kwa ndoa yako.

Hakukimbia, yaya. Alinisalimia kwa Kinande, wavukire, akaleta kiti, akamimina maziwa ndani ya kikombe na kunipa kwa mikono mibili, vile banapokea mugeni wa heshima. "Mama Gracieuse, wasingya, asante," akasema. "Kila mara ninamuambia Yaya Julie kwamba ninataka kuja kukushukuru, na yeye anasema ngojea. Bila ng'ombe yako huyu mutoto angekuwa amekufa."

Alizania nilitoa. Wewe njo ulimuambia kwamba mwili wangu unakataa maziwa, kwamba nimejua mambo yote na nimekubali, nimetoa ng'ombe kwa mukono wangu, sitaki tu izungumuzwe. Wewe ulishuka Beni wakati wa kuzaa, ukamusafisha mutoto, ukamufunga ndani ya kikwembe cha Baba. Alinielezea yote hiyo kwa shukrani, neno kwa neno, na anacheka. Nilipomuambia kwamba mimi nimejua leo, alikaa chini. Hadidja akamubeba mutoto.

Yaya, maziwa ile nilikunywa. Nilikunywa yote mbele yao. Kisha njo nililia.

Éliakim alikuja Beni alipopata habari. Hakukana. Alisema aliogopa. Maziwa ya Tamar ilikuwa imekauka, mutoto anavimba miguu, ya mukebe haionekani tena hapa Beni, na pale mbele ya docteur neno lilimutoka lenyewe. Kisha hakuona njia ya kulirudisha. "Ningekuomba, ungekataa," akasema.

Nikamujibu: "Labda ningekataa. Labda ningetoa. Sijui, na sitajua tena, juu ulininyanganya hata nafasi ya kujua."

Amerudi Butembo peke yake. Bazee ba kanisa banafuata mambo. Sijasema neno la kuachana, sijasema vilevile kwamba nitarudi.

Batu bote baliniambia nichukue ng'ombe yangu. Lukman aliandaa camion, na mimi mwenyewe nilishika kamba. Mutoto alipoona tunaivuta, alinyoosha kikombe chake, si kwangu, kwa ng'ombe, na akaanza kulia bila sauti, vile batoto ba bwaki banalia. Niliirudisha kwa muavoka. Sikufanya vile juu ya Éliakim, na sikufanya juu ya wema, usiniwekee sifa yenye sina. Sikuweza tu.

Donc nimebaki Beni. Shangazi ya Hadidja amenipa chumba, mimi na Gracieuse. Kila asubui ninaenda Mulekera kwa miguu. Tamar anakamua, anachemusha, anatoa mafuta ya juu na kumupa mutoto, juu yeye anahitaji kunona. Mimi ninakunywa yenye inabaki. Docteur anasema damu yangu inaenda vizuri, na kweli miguu imerudi. Na Tamar hatuongei sana. Tunaongea majani ya ng'ombe, tunaongea mvua. Juzi aliniletea kile kikwembe, amekifua na kukipasi. Nilikataa kukipokea. Nilimuambia si yeye alikichukua kwetu.

Sasa ninafika kwako.

Tamar alidanganywa sawa mimi. Éliakim ni bwana, na Mama alituambiaka mapema kwamba bwana ni mutu mwenye munakutana njiani, anaweza kupotea njiani vilevile. Mais sisi babili tumenyonya ziwa moja. Sikuulizi sababu, sababu ninaijua. Tamar ni damu ya Gérard. Ungesema, nyumba yako ingetingishika, na katika vita hii mwanamuke bila nyumba ataenda wapi. Nimeiwaza sana hiyo, na naielewa. Hata Tamar na mutoto wake, kama ungebaficha mpaka mwisho, siku moja ningekuachilia.

Kitu chenye kinanishinda ni kimoja. Jikoni kule Butembo, uliona mikono yangu. Uliona nimekauka, na nilikuuliza mimi mwenyewe kwa kinywa changu. Ungeficha yote yenye ulitaka kuficha, na ungeniambia tu: mudogo wangu, kunywa. Neno lile halingekuvunjia nyumba. Ng'ombe ilikuwa ingali kwangu. Ulichagua maharagi, na ukaniacha nife njaa kando ya maziwa ya Baba.

Sikuandikie kwa kukutukana. Nimeandika juu sitaki usikie kwa mutu mwingine kwamba nimejua.

Hadidja anakusalimia. Salimia batoto, mumoja kwa mumoja. Shemeji Gérard umusalimie kama utaona inafaa. Gracieuse nimemuambia mambo ya baba yake tu, ya kwako bado. Anakupenda sana, na kila juma ananiuliza mama mukubwa atakuja siku gani. Jibu liko kwako.

Mungu akuchunge katika milima ile.

Ni mimi, mudogo wako,

Jokébed