Miiba Niliyoiacha Mtoni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua kwa salamu kama ulivyonilea, hata kama leo hakuna wa kuniitikia marahaba. Mwandiko ni ule ule wa darasa la saba uliokuwa ukiucheka, ukisema herufi zangu zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Nivumilie. Nina habari za mto.

Unakumbuka siku uliyonimwagia maji kwenye rundo la mchanga nyuma ya jiko? Nilikuwa hata shule sijaanza. Maji yalishuka kwa njia moja, yalipofika chini yakapunguza mwendo, yakaacha mchanga kidogo, kisha yakagawanyika huku na huku. Nikakuuliza nani kayaambia yagawanyike.

"Mchanga wao wenyewe, mama," ukasema. "Yakichoka yanatua mzigo, halafu mzigo wenyewe unayazibia njia."

Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la bibi, na mimi nikajiona mtu mzima kweli.

Kila kiangazi mto wetu ukikauka tulichimba kisima katikati ya mchanga, tukakizungushia miiba ng'ombe wasiingie, tukachota maji ya kumwagilia vitunguu. Mawingu yakianza tu kukusanyika, wewe unaacha kazi zote, unakwenda kuitoa ile miiba hadi kijiti cha mwisho. Mimi nilikuwa nanung'unika, mikono imechanika: si tuiache tu, mwakani tusihangaike kukata mingine? Ukanijibu, "Ukiiacha itakamata mchanga. Mchanga ukikaa, mto utahama. Na ukihama, utakuja kwetu."

Ulifariki wakati ule ule wa kutoa miiba. Msiba ulikuwa umejaa nyumbani, mwanangu Upendo alikuwa bado mchanga, ananyonya usiku na mchana. Ningeweza kusema nilisahau. Lakini wewe sikudanganyi, baba. Nilikumbuka siku moja, nikasema nitakwenda kesho. Mvua ikaniwahi.

Ikawa kama ulivyosema. Takataka zilinasa kwenye miiba, mchanga ukatua nyuma yake, mvua hadi mvua, mpaka kikasimama kisiwa kirefu kuliko nyumba yetu. Mto ukagawanyika mikono miwili. Mkono wa kulia, ile njia ya zamani, ukazibwa mdomo na mchanga. Mkono wa kushoto ukageukia bustani yako ya vitunguu ukaanza kuila. Ule mpera wako ulikuwa hatua ishirini kutoka ukingoni. Msimu ulipoisha nilihesabu tisa.

Kiangazi hiki baba mdogo, mdogo wako, akaja kuangalia. Akasimama ukingoni, mikono nyuma.

"Hii bustani imekwisha, mwanangu. Imebakiza msimu mmoja. Mumeo akirudi kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki huko Rungwa, mhamie kwa wakwe zako Ihanja, mkalime alizeti."

"Sihami, baba mdogo."

"Utashindana na mto? Nani alianza kuwepo hapa, wewe au mto?"

"Mto. Lakini miiba niliiacha mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kichwa cha marehemu hiki hiki!" Alipoondoka, nilikaa chini ya mpera nikalia, nisikufiche. Vile vitunguu ndivyo vinavyotulisha, na shamba hilo ndilo ulilonionyesha kwa mkono wako ukasema, hili ni lako.

Nilipomaliza kulia nikaenda nyuma ya jiko, nikamwaga maji kwenye mchanga, Upendo amekaa pembeni anajipaka matope. Yalipogawanyika, nikafungua njia moja kwa kidole. Maji yakaifuata yenyewe! Na ile njia nyingine, kwa kuwa maji yake yalipungua nguvu, ikaanza kujizika kwa mchanga wake. Nikarudia mara nne ili niamini.

Basi nikabeba jembe, na Upendo mgongoni. Kiangazi chote nilichimba mfereji kwenye mdomo wa ile njia ya zamani, nikapanda matete ukingoni mwa bustani. Miiba iliyokuwa imezikwa kisiwani nikaifukua yote. Lakini sikuichoma. Niliiburuza hadi mdomo wa mkono wa kushoto, nikaipanga hapo, nikaikandamiza kwa mawe.

Baba mdogo alipoiona akashika kiuno. "We mtoto! Kosa lile lile unalirudia?"

"Sirudii. Si inakamata mchanga? Basi ikamate hapa ninapotaka mimi."

Safari hii hakucheka.

Juzi mchana maji ya kwanza yalishuka, mekundu, yana povu. Nilisimama juu ya ukingo nimembana Upendo kifuani hata akalalamika. Yalifika kwenye kisiwa yakajikusanya, kama mtu asiyejua aingie mlango gani. Kisha mengi yakaingia kulia, kwenye njia yako ya zamani. Yaliyokwenda kushoto yalipita kwenye miiba polepole, na nilijua yanatua mzigo.

Jana asubuhi nilihesabu kutoka kwenye mpera. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Baba mdogo akaja, akajifanya anatafuta mbuzi, lakini nilimwona akipiga hatua huku midomo yake ikicheza. Kwa miguu yake mirefu akapata saba.

"Saba za mwanaume," akasema, "ni tisa zako. Haijapungua." Kisha akaniangalia. "Kiangazi kijacho ukichimba kisima, miiba utaitoa lini?"

"Siku ya wingu la kwanza. Hata nikiwa nimeunguza ugali."

Sijashinda, baba, najua. Mvua bado nyingi na mto una hila zake. Lakini kila maji yakipungua nitashuka na jembe kusafisha mfereji, na kila asubuhi nitahesabu. Upendo naye ameanza kutembea. Jana alinifuata kutoka mperani, akianguka na kuinuka. Nitamfundisha kuhesabu hapo hapo, na namba ya kwanza kuijua itakuwa tisa.

Pumzika, baba. Zamu ya mto ni yangu sasa.

Mimi mwanao, uliyemwita mama.