Shamba Linalopakana na Shimo

Tata,

Nakusihi, baba yangu, haya usimwambie mtu, hata huko uliko kama kuna watu wa kijijini kwetu Matongo. Hata Babu. Siku hizi sijui nani yuko upande wa nani.

Tangu tukuzike nyuma ya zizi, shimo la mgodi limesogea. Nami nimepata ukarani kwenye ofisi ya fidia za ardhi. Mama alifurahi. Sasa akifika kisimani wanawake wananyamaza.

Ilikuja barua ya Kiingereza: watahamishwa wenye mashamba yaliyo "adjacent" na shimo. Kabla ya mkutano bosi akanivuta kando. "Waambie ni karibu na shimo. Karibu, basi. Wewe ni karani, si mwalimu wa Kiingereza."

Nilimwelewa haraka mno. Ng'ambo ya barabara yeye na rafiki zake wametegesha: vijumba asivyolala mtu, migomba iliyobanana kama nywele, vyote vinangoja fidia. "Karibu" ingevifikia. Ingeifikia na nyumba ya Mama, Tata, na wewe ungefukuliwa.

Nililitazama lile neno kwenye kamusi, nikaitazama na ramani iliyokuja na barua. Mstari mwekundu unapita ukingoni tu. Nikasimama mbele za watu. Nikakumbuka tulipopanda minyaa mpakani, ukasema, "Aliye upande wa pili wa minyaa hii ndiye tunapakana naye. Wengine ni wa kusalimiana." Nikasema hivyo hivyo. Neno hili ni shamba linalopakana na shimo, hakuna la mtu mwingine katikati. Letu halimo. Ya ng'ambo hayamo.

Kelele, Tata! "Msomi, wamekulisha nini?" Na mwingine: "Kwao nyasi, anatunyima sisi bati la fidia!"

Bosi hajanigombeza. Hilo ndilo linalonitisha. Ananiita mdogo wangu, ananiletea soda iliyokwisha kufunguliwa. Nasema nina vidonda vya tumbo. Nje ya geti kuna bodaboda asiyebeba abiria. Nilimwuliza kama yuko huru, akacheka: "Nimeshakodiwa, kaka." Sijamwona aliyemkodi. Labda ni woga wangu. Labda.

Alhamisi kuna mkutano wa pili. Bosi anataka "nirekebishe kauli". Nakuahidi, nitasema vilevile. Hutafukuliwa kwa mdomo wangu.

Pumzika, Tata. Sikukuaga vizuri siku ile, watu walikuwa wengi.

Ukitaka kunijia ndotoni, usije nyumbani. Nimehamia kwa shangazi, kule Nyamwaga, chumba cha nyuma. Zunguka shambani, mlango wa mbele unaonekana kutoka barabarani. Usiniite jina. Kohoa tu, kama ulivyokohoa ukitoka kuchunga, nitajua ni wewe. Akifungua mtu mwingine, usimwulize kitu. Nenda moja kwa moja kwa Mama, umwamshe.

Mwanao