Mwita Ameiondoa Linux

Jumamosi

Kompyuta yetu kuukuu ilikuwa inawaka haraka, hilo hata kaka yangu Mwita hawezi kukana. Tangu niweke mfumo wa Linux badala ya Windows, iliacha kuganda, na virusi vya flashi za watu havikuisumbua tena. Ubaya ni printa ya shule tu, iliyogoma kabisa.

Na gemu ya mpira ya Mwita, iliyokataa kufunguka. Kwa hiyo leo ameibeba kompyuta hadi kwa fundi wa Bomani, akarudi nayo ina Windows. Maelezo yangu yote ya Biolojia niliyohifadhi humo yamefutwa, na mtihani wa kidato cha nne ni mwezi ujao.

Nililia mbele ya Baba. Akanijibu kwa upole, na upole ndio ulioniumiza.

"Bhoke mwanangu, kompyuta ni kama ng'ombe, ni mali ya boma. Wewe utaolewa, Mwita atabaki. Mwenye kubaki ndiye anayeamua."

Mwita akacheka. "Tena uolewe mapema, dada. Nasubiri ng'ombe wa mahari yako nami nioe."

Mama aliendelea kuchambua mboga.

Mimi nataka kusomea kompyuta chuoni. Bado nataka.

Jioni gemu ikaganda. Mwita akabonyeza kila kitu, akapiga kelele, kisha Baba akaniita. "Bhoke, msaidie kaka yako, wewe ndiye unayeijua."

"Mimi ni wa kuolewa, Baba. Mwulize anayebaki."

Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekwisha kuaga ila bado hajatoka.